KILO NA MILI: HERUFI NDOGO, AMANA KUBWA



 

Ndugu zetu wanafunzi, na nyinyi wazazi wetu mnaosoma gazeti hili pamoja na watoto wenu, mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulidharau kwa udogo wake. Nalo ni zile herufi zinazotangulia vipimo: k, m, c, M na nyinginezo. Sababu ya kulichagua jambo hili ni kisa kilichotokea hapa hapa madrasa.

MAMA NA CHUPA YA DAWA

Siku moja baada ya sala ya Alasiri alikuja mama mmoja akiwa amembeba mwanawe aliyeshikwa na homa. Mkononi alikuwa na chupa ya dawa ya maji ya paracetamol. Akasema, "Maalim, naomba mnisomee hapa. Nimeambiwa nimpe mtoto mili mia na ishirini, lakini chupa yenyewe imeandikwa mili sitini. Je, ninunue chupa ya pili?"

Tuliitazama ile chupa. Kwa hakika ilikuwa na mililita 60. Pembeni kwa herufi ndogo iliandikwa: 120 mg/5 ml. Maana yake ni kwamba katika kila mililita 5 za dawa ile, mnapatikana miligramu 120 za paracetamol. Aliyemwelekeza alikusudia miligramu 120, yaani mililita 5 tu. Mama alisikia "mili", akadhani ni mililita.

Lau angenunua chupa ya pili na kumpa mtoto mililita 120 kama alivyofahamu, angempa mafungu 24 ya mililita 5 kwa mara moja. Hizo ni miligramu 2,880 za dawa kwa mtoto mdogo, ilhali paracetamol ikizidi kiasi huharibu ini na inaweza kuua. Alhamdulillah, mama yule aliuliza kwanza. Wala hatumlaumu, kwani hata sisi tunaojiita wasomi husema "mili" tukaishia hapo. Hivyo basi tukaona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili vizuri.

KIAMBISHI CHA KIPIMO NI NINI?

Kila kipimo kina kizio chake. Urefu una mita, uzito una gramu, ujazo una lita, nguvu ya umeme ina wati. Lakini vitu tunavyopima havilingani. Kipande cha uzi na safari ya kutoka Tanga hadi Mombasa vyote ni urefu, ila si rahisi kuvitaja kwa kizio kimoja. Kwa ajili hiyo wataalamu waliweka maneno mafupi yanayotangulia kizio, ili kukikuza au kukigawa. Maneno hayo ndiyo tunayoyaita viambishi vya vipimo.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: kiambishi peke yake si kipimo, bali ni hesabu tu. "Kilo" maana yake ni elfu moja. "Mili" maana yake ni sehemu moja ya elfu. Sokoni tunaposema "nipe kilo mbili za unga", sote tunaelewa kuwa ni kilogramu, kwani mazoea yametufunza. Lakini anayesema "mili tano" ni kama anayesema "nusu", na wewe huna budi kumuuliza: nusu ya nini?

Hivi hapa ndivyo viambishi mnavyokutana navyo zaidi, kuanzia vikubwa hadi vidogo:

giga (G): bilioni moja, 1,000,000,000
mega (M): milioni moja, 1,000,000
kilo (k): elfu moja, 1,000
hekto (h): mia moja, 100
deka (da): kumi, 10
kizio chenyewe: 1
desi (d): sehemu moja ya kumi, 0.1
senti (c): sehemu moja ya mia, 0.01
mili (m): sehemu moja ya elfu, 0.001
maikro (µ): sehemu moja ya milioni, 0.000001
nano (n): sehemu moja ya bilioni, 0.000000001

Wanafunzi wengi mnaikumbuka ile orodha ya shule ya msingi: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Orodha hiyo haikuwa ya mita peke yake. Ondoa "mita", weka "gramu" au "lita", na mambo yanabaki vile vile. Hapo ndipo ulipo urahisi wa mfumo huu: ukijifunza viambishi mara moja, umejifunza vipimo vyote.

Hata neno "hekta" mnalolisikia kwenye habari za mashamba lina kiambishi ndani yake. Ari moja ni mita za mraba 100. Hekto ni mia. Hivyo hekta moja ni ari 100, sawa na mita za mraba 10,000.

VIPIMO VYA WAZEE WETU

Kabla ya mfumo huu, wazee wetu wa pwani walikuwa na vipimo vyao. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Karafuu ziliuzwa kwa frasila, ambayo ni kiasi cha kilo 16. Nguo ilipimwa kwa shibiri na dhiraa, shibiri mbili kwa dhiraa moja. Vipimo hivyo viliwatumikia watu vizuri, na pishi bado tunaitaja kila mwisho wa Ramadhani, kwani vibaba vinne vya pishi vinashabihiana na mudi nne za swaa katika Zakatul Fitri.

Ila palikuwa na tabu mbili. Kwanza, shibiri ya mtu mrefu si sawa na ya mtu mfupi. Pili, kila kipimo kilikuwa na hesabu yake: mara mbili, mara nne, mara kumi na sita kwa wakia na ratili. Mnunuzi asiyejua hesabu zote hizo alikuwa rahisi kudhulumiwa.

Tabu hiyo haikuwa yetu sisi peke yetu. Huko Ufaransa, katika karne ya 18, karibu kila mji ulikuwa na vipimo vyake. Wataalamu wao walipotafuta kipimo kisicho cha mfalme wala cha mji wowote, waliamua kukichukua kutoka kwenye ardhi yenyewe: mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Kuanzia 1792 hadi 1798, Delambre na Méchain walipima sehemu ya umbali huo kati ya Dunkirk na Barcelona. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1795 ikaweka mita, gramu na lita, pamoja na viambishi vyake. Vya kukuza, kama kilo, vilitolewa katika Kiyunani, na vya kugawa, kama senti na mili, katika Kilatini.

Wanafunzi wetu wafahamu kuwa kazi ya kupima ardhi haikuanzia hapo. Karibu miaka elfu moja kabla yake, Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad kuanzia 813 hadi 833, aliwatuma wataalamu wa falaki kwenye tambarare ya Sinjar, katika Iraq ya leo, wapime urefu wa digrii moja ya mzunguko wa dunia. Aidha, hesabu za desimali ambazo mfumo huu unazitegemea zilielezwa kwa ufasaha na mwanachuoni al-Kashi wa Samarkand katika kitabu chake Miftah al-Hisab, alichokikamilisha mwaka 1427. Elimu ni dafina ya pamoja. Sisi tuliweka humo, na wengine wakaongeza.

Mwaka 1875 nchi 17 zilitia saini mkataba wa mita mjini Paris, na mwaka 1960 mfumo wa kimataifa wa vipimo ukapewa sura yake ya sasa. Viambishi bado vinaongezwa. Mwaka 2022 viliongezwa vinne, vikafika 24. Kimojawapo kinaitwa ronna, nacho ni moja ikifuatwa na sifuri 27. Uzito wa dunia yetu nzima ni kiasi cha ronnagramu 6. Subhanallah!

NAMNA YA KUBADILI

Kubadili kipimo ni kuhamisha nukta ya desimali, basi. Kutoka kiambishi kikubwa kwenda kidogo, namba inaongezeka. Kutoka kidogo kwenda kikubwa, namba inapungua. Kati ya kilo na kizio ni hatua tatu. Kati ya kizio na mili ni hatua tatu. Kati ya mili na maikro ni hatua tatu.

Mfano: gramu 2.5 ni miligramu ngapi? Tunakwenda kwenye kidogo, tunahamisha nukta hatua tatu kulia: miligramu 2,500. Mililita 750 ni lita ngapi? Tunakwenda kwenye kikubwa, hatua tatu kushoto: lita 0.75.

Ukishapata jibu, jiulize: linaingia akilini? Ukipata kuwa mtoto wa madrasa ana urefu wa mita 14, usiendelee mbele. Rudi ukaangalie nukta yako.

Pana mtego mmoja katika eneo na ujazo. Mita moja ni sentimita 100, lakini mita moja ya mraba si sentimita za mraba 100. Ni 100 mara 100, yaani 10,000. Na mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000, sawa na lita 1,000. Fundi anayesahau jambo hili huharibu saruji ya watu.

PALE HERUFI MOJA INAPODHURU

Turudi kwenye dawa, kwani hapo ndipo kosa lisiporudishika nyuma.

Kwanza, mg ni uzito wa dawa yenyewe, na ml ni ujazo wa maji yaliyobeba dawa hiyo. Chupa mbili zinaweza kuwa na mililita sawa na zisiwe na nguvu sawa. Chupa moja yaweza kuwa na miligramu 120 katika mililita 5, na nyingine miligramu 250 katika mililita 5 hizo hizo. Usitumie kiasi cha chupa ya jana kwa chupa ya leo kabla hujasoma.

Pili, pana dawa zinazopimwa kwa maikrogramu. Maikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Baadhi ya dawa za moyo, kama digoxin, hutolewa kwa maikrogramu 250 au chini yake, yaani miligramu 0.25. Alama ya maikro, µ, ikiandikwa kwa haraka hufanana na m, na msomaji akikosea huongeza dawa mara elfu moja. Ndiyo maana wataalamu wa dawa husisitiza neno hilo liandikwe lote, au liandikwe mcg.

Tatu, sifuri nayo ina adabu zake. Andika 0.5 mg, usiandike .5 mg, kwani nukta ikififia itasomwa 5. Na andika 5 mg, usiandike 5.0 mg, kwani nukta ikififia itasomwa 50.

Nne, vijiko vya nyumbani havilingani. Mililita 5 zipimwe kwa kikombe au kijiko kilichokuja na dawa, au kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Usipofahamu, rudi kwa mtoa dawa umuulize. Hakuna aibu katika kuuliza.

Zaidi ya dawa, angalieni herufi kubwa na ndogo. Herufi m ndogo ni mili, na M kubwa ni mega. Kati yao pana tofauti ya mara bilioni moja. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa liweze kutoa umeme wa MW 2,115, yaani megawati. Megawati moja tu inawasha taa 100,000 za wati 10. Ukiandika mW umeandika miliwati, na miliwati 2,115 ni kama wati 2 tu, hazitoshi hata taa moja ya hizo. Kadhalika kilo ni k ndogo: kg, km, kW. Wala hatuandiki kgs wala kms, kwani alama haina wingi.

Na ile uniti ya umeme tunayoinunua ni kilowatisaa moja, yaani wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja, taa ya wati 10 huimaliza kwa saa 100. Mwenye kujua hayo hataona ajabu kwa nini uniti zimekwisha siku ya kupiga pasi kanzu za Idi.

VIPIMO NA DINI YETU

Huenda mwanafunzi akauliza, "Haya ni ya shule. Madrasa yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Katika Qur'an Tukufu imo sura nzima, ya 83, inayoitwa Al-Mutaffifin, jina la wale wanaopunja vipimo. Na Nabii Shuaib (A.S.) alitumwa kwa watu wa Madyan, na katika aliyowakataza baada ya shirki ni kupunguza vipimo na mizani. Mtume wetu (S.A.W.) naye aliwaelekeza Waislamu kwenye mizani ya watu wa Makka na kipimo cha ujazo cha watu wa Madina, ili pawe na kipimo kimoja kinachojulikana.

Tazameni hesabu hii. Muuzaji ana jiwe la mizani lililoandikwa kilo 1, lakini lina gramu 950. Gramu 50 ni kidogo, mnunuzi haoni. Akiuza kilo 20 kwa siku, amechukua gramu 1,000 za watu, yaani kilo moja. Kwa siku 30 ni kilo 30. Siku ya Kiyama hataulizwa gramu 50, ataulizwa gunia.

Zaka nayo ina vipimo vyake. Nisabu ya dhahabu ni mithqali 20, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi wanazikadiria kuwa gramu 85. Nisabu ya fedha ni dirham 200, sawa na gramu 595. Zakatul Fitri ni pishi moja, na makadirio yanayotumika sana ni kati ya kilo 2 na nusu na kilo 3 za chakula. Asiyejua gramu na kilo, vipi atajua kama zaka imemuwajibikia?

ZOEZI

Jaribuni maswali haya nyumbani, mtoto na mzazi pamoja.

1. Dawa ina 250 mg/5 ml. Daktari amesema mtoto apewe miligramu 125. Ni mililita ngapi?

2. Mtu ameweka akiba ya dhahabu ya kilogramu 0.09, na mwaka umetimia. Je, imefika nisabu ya gramu 85? Akitoa asilimia 2.5, ni gramu ngapi?

3. Tangi la msikiti lina mita moja ya ujazo ya maji. Kila mmoja akitawadha kwa lita 2, maji yatawatosha watu wangapi? Na kila mmoja akitumia mililita 800 je?

Majibu: (1) Mililita 2.5. (2) Ndiyo, kwani ni gramu 90. Zaka yake ni gramu 2.25, sawa na miligramu 2,250. (3) Watu 500. Na kwa mililita 800, watu 1,250. Kutofanya israfu ni sunna, na hesabu inaonyesha faida yake.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, hatukukusudia kumfanya kila mtu awe mwalimu wa hesabu. Tulichokusudia ni tabia moja tu: ukisikia "mili" au "kilo", uliza ya nini, na ukisoma namba, soma na herufi zinazoifuata. Nyinyi wanafunzi mnaojua kusoma, nyumbani kwenu wamo mabibi na mababu ambao macho yao hayaoni tena herufi za chupa. Msomeeni bibi dawa yake kabla hajainywa. Mpimieni baba nafaka ya fitri. Elimu hiyo ndogo ni amana, na anayeitekeleza atapata ujira wake inshaallah.

Yule mama hakununua chupa ya pili. Tulimpimia alama ya mililita 5 kwenye kikombe kidogo kilichokuwamo ndani ya boksi, akaitia alama kwa kalamu, akaenda zake.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza vipimo kwa uadilifu, awaponye wagonjwa wetu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.